Kabla hujashika msasa: mikwaruzo midogo kwenye sakafu ya mbao

Kiti kimeburutwa, kimeacha mstari mweupe wa urefu wa kiganja. Mwenye nyumba anatafuta kipande cha msasa kilichobaki kwenye kazi ya mlango, anasugua kwa kuzungusha mkono, na baada ya dakika kumi mstari umetoka kweli. Mahali pake pamebaki doa la ukubwa wa sahani, limefifia, limejaa vikwaruzo vya duara. Ule mstari ulionekana ukiinama upande wa dirisha tu. Doa linaonekana tangu mlangoni. Sakafu nyingi za mbao zinaharibiwa na tiba ya namna hiyo kuliko zinavyoharibiwa na viti.

Nazungumzia mbao ngumu za kweli: vibao virefu vya mninga, mvule au mkongo, mtiki wa mashamba ya Mtibwa na Longuza, na vile vibao vifupi vilivyopangwa kwa mshazari au mraba kwenye maghorofa ya zamani ya Nairobi na Dar es Salaam. Baadhi ya hivyo vifupi ni muhuhu, mbao nzito yenye harufu nzuri, ambayo enzi zake ilisafirishwa hadi Ulaya kwa kazi hiyohiyo ya sakafu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba unachokanyaga ni mbao. Sokoni kuna sakafu tele zinazouzwa kwa jina la mbao ambazo ndani ni unga wa mbao ulioshindiliwa, na juu imebandikwa karatasi yenye picha ya mbao na ganda gumu la kuilinda. Tazama ukingo wake kwenye kizingiti: mbao halisi nyuzi zake zinashuka kutoka juu hadi ubavuni. Tafuta pia vifundo viwili vinavyofanana kabisa. Ukivipata, hiyo ni picha, maana mti hauzai vifundo pacha. Sakafu ya picha haipigwi msasa hata kidogo. Dawa yake ni kalamu ya rangi na nta ya kujazia, basi. Kuna pia mbao za tabaka, ambazo juu zina ganda la mbao halisi na chini plaiwudi. Ganda hilo linaweza kuwa chini ya milimita moja au likafika milimita sita, na kama hujui ni lipi, chukulia kwamba ni jembamba.

Mkwaruzo uko wapi hasa

Mikono mitatu ya vanishi, yaani ukipaka mara tatu, ikishakauka, unene wake wote ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani karibu sawa na karatasi ya kuandikia. Mkwaruzo mwepesi unaishia ndani ya unene huo, mbao haijaguswa. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umeimaliza, kwa sababu unachotengeneza ni vanishi, na vanishi hutengenezwa kwa vanishi.

Pitisha ukucha kukatisha mstari bila kukandamiza. Ukiteleza, mkwaruzo ni wa vanishi. Ukinasa kidogo, umegusa mbao. Ukinasa na kusimama, huo si mwepesi tena, unataka pati au kubadilishiwa kibao, na hiyo ni kazi nyingine.

Kisha lowesha kidole, kipitishe juu ya mstari. Mstari ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, umebahatika. Ule weupe ni kingo za vanishi zilizovunjikavunjika zinazotawanya mwanga. Maji yanapojaa kwenye zile kingo mwanga unapita moja kwa moja na jicho halioni kitu. Vanishi nyembamba itafanya kazi ileile ya maji, tofauti ni kwamba yenyewe haitakauka ikaondoka. Mstari ukibaki umepauka hata ukiwa umelowa, basi rangi ya mbao imetoka pamoja na vanishi, na itabidi irudishwe kwanza.

Mistari myeusi ya soli za viatu usiihesabu. Huo ni mpira uliobaki juu, unatoka kwa kifutio cha penseli au tone la tapentaini kwenye kitambaa.

Juu ya mbao kumepakwa nini

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, maana watu hununua kopo kwanza halafu ndiyo wanauliza. Chagua kona nyuma ya mlango. Dondosha matone mawili matatu ya tapentaini, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na utelezi wa manjano, kahawia au mwekundu, sakafu ina polishi ya nta. Kwetu hili ni la kawaida sana: miaka na miaka ya polishi nyekundu ya kopo, mara nyingine juu ya mbao tupu, mara nyingine juu ya vanishi nzima.

Kitambaa kikitoka safi, jaribu spiriti. Pakianza kunata ni shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti. Pasiponata, jaribu tina ya laka: pakilainika na kushika kidole, ni laka ileile inayopuliziwa kwenye makochi na vitanda. Pakijikunja na kuvimba, au pasiwe na lolote, ni vanishi ya mafuta au poliyurethani, vanishi ya jamii ya plastiki. Laka juu ya sakafu ni uamuzi mbaya wa fundi aliyetaka kumaliza siku hiyohiyo. Ni kavu, inavunjika, na kila mguu wa kiti unaandika mstari mweupe. Ukiikuta, tegemea mikwaruzo itarudi kila mwezi hata uirekebishe vipi.

Tahadhari kwa wenye vibao vifupi vya zamani: vingi vilibandikwa kwa lami. Tapentaini, petroli na mafuta ya taa vyote vinayeyusha lami. Ukimimina sakafuni, lami italainika chini na kupanda kwenye viungo, na utakuwa na mistari myeusi ambayo hukuwa nayo. Lowesha kitambaa, kikamue, ndipo ufute. Usimimine kamwe.

Sababu ya kuisaka nta kiasi hiki ni kwamba vanishi haishiki juu yake. Itakauka kwa nje, itang'aa siku chache, halafu itaanza kubanduka vipande vipande. Na kama polishi iliyotumika ina silikoni, kama zilivyo nyingi za kupulizia na za magari, vanishi mpya itakimbia na kuacha vishimo vya mviringo mara tu unapoipaka. Ukiviona vishimo hivyo usiongeze vanishi juu. Futa yote ikiwa bado mbichi, safisha kwa tapentaini mara mbili ukibadilisha kitambaa, anza upya.

Sakafu ya nta

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Chukua pamba ya chuma laini kabisa, ile yenye alama ya sufuri nne, na si ile ya kusugulia masufuria ambayo itakwaruza upya. Ichovye kwenye nta ya kopo, sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, mikono mepesi, sentimita thelathini hivi kila upande wa mstari. Acha dakika kumi na tano hadi ishirini mpaka ipoteze unyevu, kisha ng'arisha kwa kitambaa cha sufi au kipande cha blanketi. Mstari ukionekana bado, rudia kesho yake.

Nta ya kutengeneza mwenyewe haina shida kama unapata nta ya nyuki, na wenye jamaa Tabora hawana haja ya kwenda dukani. Gramu 100 za nta kwa mililita 300 za tapentaini zinatoa uji unaopakika vizuri. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, hivyo weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ikishayeyuka zima jiko kabisa, toa kopo nje, ndipo umimine tapentaini huku ukikoroga. Anayechanganya juu ya moto anatafuta msiba. Ukitaka rangi, nusu kijiko cha chai cha oksaidi, ile poda ya kuchanganyia simenti, kinatosha kwa kiasi hicho. Ukizidisha, soksi za wageni zitaondoka na sakafu yako.

Sakafu ya vanishi

Kwa kibao kimoja au viwili unahitaji kidogo sana: mililita 50 za vanishi inayolingana na iliyopo, kiasi kama hicho cha tapentaini, msasa namba 320, tepu ya karatasi, brashi ya msanii namba 1, na fulana ya pamba iliyofuliwa mpaka haitoi nyuzi. Msasa namba 80 au 120 usiingie chumbani. Namba ikiwa ndogo ndivyo punje zinavyokuwa kubwa, na 80 inatafuna unene wote wa vanishi kwa sekunde chache.

Fagia, kisha futa kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni ya vyombo, kisha kitambaa cha maji matupu, acha saa nzima pakauke. Malizia kwa kitambaa cha tapentaini. Mchanga uliobaki utageuka msasa chini ya msasa wako.

Chovya ncha ya brashi kwenye vanishi isiyochanganywa, jaza mstari peke yake, usipake kando. Acha usiku mzima. Asubuhi utaona imezama, kwa sababu karibu nusu ya ujazo wa vanishi ya mafuta ni kiyeyushi kinachoondoka na hewa. Jaza tena, na mara ya tatu ikibidi, mpaka pawe juu kidogo ya usawa wa sakafu. Watu wengi hujaza mara moja, huona pamebonyea, na kuamua kwamba mbinu haifai.

Sasa kusawazisha. Kunja msasa 320 kwenye kipande cha plaiwudi kilichobandikwa kitambaa kizito, au kwenye kizibo kipana. Usisugue kwa kidole: kidole ni laini, kinazama kwenye bonde na kulichimba zaidi. Nenda na nyuzi za mbao, mbele na nyuma, mara nne tano, kisha simama utazame unga. Unga mweupe ni vanishi. Unga ukianza kuwa na wekundu wa mninga au kahawia ya mvule, umeshafika kwenye mbao na unapaswa kuwa umeacha zamani. Hili la rangi ya unga ni kipimo kizuri kuliko macho, maana sakafu iliyofifishwa na msasa inadanganya.

Mstari ukishalingana, geuka utengeneze kibao kizima. Hili ndilo ningeweka mbele kuliko yote. Jicho la mtu limezoea kuona vibao viwili jirani vikitofautiana kidogo kwa rangi na mng'ao, kwa sababu mbao ndivyo zilivyo. Halijazoea kuona kiraka katikati ya kibao kimoja. Kwa hiyo bandika tepu kwenye viungo vyote vinne, fifisha kibao kwa msasa 320 kutoka kichwa hadi kichwa mpaka mng'ao uondoke sawasawa, futa unga, kisha paka kibao chote. Kwa vibao vifupi ni kazi ya dakika tano. Kwa kibao cha mita tatu ni kazi zaidi, lakini bado ni nafuu kuliko doa.

Vanishi ya kupaka kwa kitambaa unaipata kwa kuchanganya nusu kwa nusu na tapentaini. Kunja fulana iwe kidonge kilichobana, ichovye, ikamue pembeni ya kopo, ipitishe kutoka mwisho mmoja wa kibao hadi mwingine bila kusimama katikati. Usirudi nyuma kurekebisha. Ikishaanza kushika, kila mguso unaacha alama. Saa sita hadi nane baadaye gusa juu juu kwa 320, futa, paka tena. Mikono mitatu ya namna hii ni myembamba kuliko mitatu ya brashi, lakini haiachi alama za brashi wala mapovu. Tepu itoe nusu saa baada ya kila mkono, ukiivuta kuelekea nyuma na chini. Ukiiacha mpaka vanishi ikauke, itaondoka na ukingo, au itaacha tuta ambalo miguu italisikia.

Mapovu husababishwa na kutikisa kopo. Koroga taratibu, kwa kijiti bapa, ukikwangua chini kabisa. Vanishi isiyong'aa na ile ya nusu mng'ao zina unga wa silika ndani yake unaovunja mwanga, na unga huo hutuama. Ukichota juu bila kukoroga utapaka vanishi ya kung'aa kutoka kwenye kopo lililoandikwa nusu mng'ao, na kibao chako kitawaka peke yake chumbani. Likikutokea hilo, subiri wiki moja, kisha sugua kibao kwa pamba ya chuma sufuri nne kwa kufuata nyuzi mpaka kilingane na jirani zake.

Kama sakafu ina vanishi ya maji, mambo mawili yanabadilika. Usichanganye na tapentaini, na usitumie pamba ya chuma kabla ya kupaka. Vipande vidogo vya chuma hubaki kwenye vinyweleo vya mbao, maji yanavitia kutu, na kwenye mbao zenye tanini nyingi, ile asidi ya asili ya miti, kutu hiyo inageuka madoa ya buluu na weusi yasiyotoka. Tumia msasa 320 au sponji ya kusugulia ya kijivu. Ile ya kijani ya jikoni ni kali mno. Vanishi ya maji haina umanjano wa ile ya mafuta, kwa hiyo kibao ulichokipaka ya maji katikati ya sakafu ya zamani kitaonekana cha baridi, kama kimepauka.

Na zipo mbao zilizopakwa kiwandani vanishi yenye oksaidi ya alumini. Utazijua kwa kuwa msasa 320 unateleza bila kutoa unga wa maana. Vanishi ya nyumbani haizishiki vizuri. Hizo jaza mstari kwa nta ngumu ya rangi, ondoa ziada kwa kadi ya plastiki, ishia hapo.

Kwa wanaopenda historia ya makopo: vanishi nzuri za karne ya 19 zilipikwa kwa sandarusi, utomvu uliochimbwa ardhini Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, na kusafirishwa kupitia Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliinunua kwa wingi. 

Rangi ikiwa imetoka

Mkwaruzo uliogusa mbao unahitaji rangi kabla ya vanishi na nta baada ya kila kitu. Ukianza na nta umejifungia mlango, hakuna kitakachoshika juu yake.

Rangi ya mbao iliyochanganywa na tapentaini ipake kwa brashi ile ndogo, ndani ya mstari tu, futa mara moja kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Anza na iliyopauka kuliko unavyodhani, maana kuongeza ni rahisi na kupunguza hakuna. Simama pale mstari unapokuwa mweusi kidogo kuliko kibao. Mstari mweusi jicho linausoma kama unyuzi wa mbao. Mweupe linausoma kama jeraha. Kalamu za kugusia rangi zinafaa pia, lakini chora mistari mifupi mifupi inayofuata nyuzi badala ya mmoja mrefu, na ufute kila baada ya mchoro.

Kuna mazoea ya kuchanganya unga wa randa na gundi nyeupe ya mbao kujazia. Kwenye mlango unaopigwa rangi ya mafuta haidhuru. Kwenye sakafu inayoonekana, gundi ile haifyonzi rangi wala vanishi, na baada ya mwezi utakuwa na mstari wa rangi ya tope. Ukitaka kutumia unga wa mbao hiyohiyo, uchanganye na shelaki au vanishi yenyewe mpaka uwe mzito, jaza, sawazisha ukikauka.

Mbao nazo zina tabia. Mvule uliokwanguliwa hutoka wa manjano na kuiva kuwa kahawia kadiri unavyopata mwanga, kwa hiyo ukiulazimisha rangi ya jirani zake leo, baada ya miezi michache utakuwa mweusi kuwazidi. Vumbi lake pia linawasha pua na ngozi; vaa barakoa hata kwa kazi ndogo. Mtiki una mafuta ya asili yanayozuia vanishi kushika na kukauka. Ufute kwa tina muda mfupi kabla ya kupaka, maana ukiacha mpaka kesho mafuta yanapanda tena. Mninga hauna makuu, hautanuki wala kusinyaa sana, na ndiyo maana mafundi wanaupenda.

Kama kilichopo ni kubonyea na si kukwaruzika, yaani nyuzi zimelala lakini hazijakatika, kitambaa chenye maji na pasi ya moto wa wastani kwa sekunde chache chache kitazivimbisha zirudi. Hiyo ni kwa mbao tupu. Juu ya vanishi mvuke utaacha ukungu mweupe.

Dawa za jikoni

Mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, siki na limau, dawa ya meno, magadi: vyote vinasifiwa, na vingi vinaonekana kufanya kazi kwa siku mbili. Sababu umeshaiona kwenye jaribio la kidole kilicholowa: kimiminika chochote kitauficha mstari kikiwa bado kibichi. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Yanabaki yananata, yanakusanya vumbi, yanaanza kunuka, na yanazuia vanishi kushika siku utakapotaka kufanya kazi ya kweli. Mafuta ya kitani ni jambo tofauti, yenyewe huingiana na hewa na kuganda. Dawa ya meno ni msasa wa kimyakimya unaofifisha. Magadi yanakutana na tanini na kuweka weusi. Mafuta ya taa, ambayo wengi wanayapigia deki, si badala ya tapentaini: yanachelewa kuondoka na yanaacha utando wa mafuta.

Hali ya hewa, na pale mikwaruzo inapokuwa mingi

Pwani wakati wa masika hewa imejaa maji. Laka na shelaki zikipakwa hapo zinapata ukungu mweupe, kwa sababu kiyeyushi kikiondoka haraka kinapoza uso wa mbao na unyevu wa hewa unatua juu yake. Vanishi ya mafuta inavumilia, ila saa nane zinaweza kuwa saa ishirini. Anza saa nne asubuhi, umande ukiwa umeondoka, ili mkono ule upate joto la mchana. Njombe au Nairobi mwezi wa Julai shida ni baridi. Chini ya nyuzijoto kumi acha kabisa. Kipimo ni msasa: ukitoa unga mkavu, endelea, ukijaa vidonge vinavyonata, subiri.

Ukihesabu mikwaruzo zaidi ya kumi katika chumba, kugusa kibao kimojakimoja ni kupoteza muda. Safisha chumba chote, fifisha sakafu yote kwa msasa 220, futa unga mara mbili, paka mkono mmoja au miwili. Lita moja hufunika kama mita za mraba kumi kwa mkono mmoja, hivyo chumba cha mita nne kwa nne kwa mikono miwili kinataka lita tatu na kidogo; nunua galoni ya lita nne. Hili linawezekana kama vanishi ya chini ni nzima na haina nta. Tembea na soksi baada ya saa 24, rudisha samani baada ya siku tatu, ukizibeba. Zulia lisubiri wiki tatu au nne, na lisiwe na mgongo wa mpira, maana kemikali za mpira huweka umanjano kwenye vanishi.

Kinachokwaruza zaidi ni mchanga. Chembe zake nyingi ni kwatzi, ngumu kuliko vanishi yoyote utakayoipaka, na mguu wa kiti unazisukuma tu. Desturi ya kuvua viatu mlangoni inaokoa sakafu kuliko kopo lolote. Ongeza mkeka wa kukwangulia nje na mwingine laini ndani. Kwenye miguu ya viti bandika vipande vya blanketi zito au zulia la zamani kwa gundi ya viatu, na uvibadilishe kila vinapokuwa vigumu, kwa sababu vikishajaa mchanga vinafanya kazi ya msasa.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta usivifinyange ukavitupa kwenye ndoo ya taka. Vinapokauka vinatoa joto, na vikiwa vimerundikana joto hilo halina pa kutokea. Vinaweza kuwaka vyenyewe usiku. Vitandaze kimojakimoja nje mpaka vikakamae, au vitie kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Vanishi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ndogo ijae mpaka juu, isiwe na nafasi ya hewa, uandike aina yake, mng'ao wake na chumba ilikotumika.